Maji ya Kisima cha Baba

Figo langu, huko uliko,
upande wa kulia wa tumbo la Nugzari,
chini kidogo ya mshipi,
unanisikia?
Ni mimi, Tsiala, mwenye nyumba yako ya kwanza.

Leo siku ya tisa.
Nimekaa kwenye kiti cha plastiki, wodi ya nne, Kutaisi,
nahesabu safari za kaka yangu kwenda msalani:
kumi na moja tangu alfajiri,
na moja aliyojaribu kunificha.
Amebaki macho na masikio.
Muuguzi Lamara humletea chupa ya chumvi na sukari,
naye huinywa kwa kijiko, akinuna.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Wewe hukupewa hata hizo mbili.
Ulishonwa saa nne asubuhi,
adhuhuri ulikuwa ushaanza kulima:
mkojo ukatiririka mpirani,
mama akapiga magoti sakafuni kuutazama
kana kwamba mwamba umetoboka chemchemi.

Ili usifukuzwe, walinzi wa mwili tuliwalaza.
Kidonge saa mbili asubuhi, kidonge saa mbili usiku,
mwaka wa tatu huu
wamelala fofofo mlangoni.
Lakini mlinzi aliyelala
hachagui nani apite.

Kijana wa maabara, Gocha, aliniita nichungulie hadubini.
Juu ya buluu, viduara vyekundu,
kama shanga zilizokatika uzi.
Vizuri, nikasema,
kisha nikaona haya kwa kusema.
"Kimelea cha maji," akasema.
"Mimi na wewe kingetuharisha wiki mbili, kikaenda zake.
Kwake kimepanga chumba.
Amekunywa maji gani?"

Nilijua.
Nilijua kabla hajamaliza kuuliza.

Wiki ya kuvuna zabibu Nugzari alisema kwenye simu:
nimechoka na maji ya chupa, hayana ladha ya kwetu.
Nikateka kisimani kwa baba,
pale ndama wa jirani huja kulala na kunya,
dumu la lita tano.
Ndani ya basi nilipakata dumu njia nzima,
uzito mdogo tu, na wewe nilikubeba
miaka arobaini na mmoja bila kujua uzito wako.
Akanywa glasi tatu mfululizo, akajifuta masharubu,
akacheka kicheko cha utotoni.

Mkono uliotia saini utolewe
ndio huu uliommiminia.

Jioni Daktari Manana akapiga hesabu.
Matumbo yakivurugika, dawa haipungui damuni, inazidi;
nilidhani amekosea, akarudia.
Na kreatini imepanda. Yaani wewe, unakauka.
"Tutapunguza kidonge," akasema,
"tuwaamshe walinzi nusu."

Nusu!
Nani aliwahi kumwamsha mlinzi nusu?
Akifumbua jicho moja ataona nini kwanza,
zile shanga, au wewe?

Alifunga faili, akanigusa bega,
akaenda kwa mgonjwa wa kitanda cha sita.

Basi nakwambia wewe, sina mwingine:
jikunyate.
Lima kimya kimya, usipige mluzi.
Wakikuuliza, sema wewe ni wa humu,
ulikuja pamoja na mifupa.
Jina langu usilitaje.

Saa saba usiku.
Nimechemsha maji kwenye jiko la wauguzi;
yalipotokota nikahesabu dakika tatu,
nikaongeza mbili za woga,
nikayapepea na faili yake hadi yakapoa.
Nugzari ameonja, amekunja uso.
"Hayana kitu," amesema.

Ndiyo, nimemwambia.
Hayana kitu.
Kunywa.